Picha za watu kwenye jua la utosi: ziba mwanga wa juu kwanza, mengine yafuate (uzi)

FundiKivuli
Wadau, uzi huu ni wa picha za watu zinazopigwa nje kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Jibu la kawaida la "subiri jioni" ni sahihi, ila halimsaidii mwenye ndoa ya saa saba wala mahafali ya saa sita. Tuchukulie muda haubadiliki, jua ni lile lile, na picha lazima zitoke.

Wengi tunapambana na kitu ambacho si tatizo. Wingi wa mwanga hauna shida: unashusha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), unabana tundu la lenzi, unaongeza spidi ya shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia), yamekwisha. Shida ni mbili. Ya kwanza ni upande mwanga unakotoka. Ukitoka juu, paji la uso, mgongo wa pua na mashavu vinapata jua lote, macho yanabaki shimoni, chini ya pua panakuwa na doa jeusi linaloshuka hadi mdomoni, na shingo inazama kwenye kivuli cha kidevu. Ya pili ni udogo wa chanzo. Ukiwa hapa duniani, jua lina upana wa takriban nusu nyuzi tu angani, na chanzo kidogo hutoa kivuli chenye ukingo mkali. Tazama kwa karibu kivuli cha pua juu ya mdomo: sehemu inayofifia kati ya mwanga na giza haifiki hata nusu milimita. Ni mstari kama uliochorwa kwa kalamu, na ni vigumu kuulainisha kwa programu ya kuhariri bila kuharibu ngozi.

Ili ujue jua liko juu kiasi gani, angalia kivuli cha mtu ardhini. Kikiwa sawa na urefu wake, jua liko nyuzi 45 na kazi ni nyepesi. Kikizidi nusu ya urefu kidogo, liko karibu nyuzi 60. Kikibaki theluthi tu, limepita nyuzi 70, na hapo ndipo uzi huu unapohusika hasa.

Msimamo wangu ni huu: kabla hujaongeza mwanga wowote, uwe wa flashi au wa rifleka (kitambaa au ubao wa kurudisha mwanga), ziba ule wa juu. Ukishaziba utosini, mwanga wa anga ya pembeni na unaorudi kutoka ardhini ndio unaobaki usoni, na huo ni mpana, laini, na unaingia machoni.

Namna ya kufanya:

Tafuta kitu chenye paa: ukingo wa baraza, mlango mkubwa, lango, chini ya ngazi za nje. Msimamishe mtu ndani ya kivuli, hatua moja tu kutoka mstari wa jua, uso ukitazama nje. Hatua moja, si tatu. Kila anavyorudi ndani, kipande cha anga anachokiona kinapungua na macho yanakufa. Pia hakikisha jua halimgusi miguuni kama utapiga mwili mzima, maana kiatu kilichoungua kwa mwanga huvuta jicho la mtazamaji kuliko uso.

Kama hakuna paa, msaidizi ashike kitu kisichopitisha mwanga juu ya kichwa: upande mweusi wa rifleka ya kukunja, ubao, hata boksi lililokunjuliwa. Kiwe sentimita 40 hadi 60 juu ya nywele, kimesogezwa mbele kidogo ili kivuli chake kifunike uso mzima na mabega.

Kujua pa kumweka mtu, nyoosha mkono, kunja ngumi usawa wa uso wako, kisha jizungushe taratibu mzunguko mzima. Vifundo vya vidole vitakuonyesha kila kitu ambacho pua na macho ya mtu vitafanya pale pale. Pale ngumi inapopata upande wa mwanga na upande wa kivuli bila mstari mkali katikati, ndipo mweke.

Dada_Lenzi
Mkuu asante, nimekusoma. Swali: kivuli cha mti je? Kinaleta madoadoa ya jua usoni, na ngozi inavuta kijani.

FundiKivuli
Mti ni mtego, dada. Yale madoa ni taswira za jua lenyewe zinazopita kwenye matundu madogo kati ya majani, na kila doa linaweza kuzidi kivuli kinacholizunguka kwa stopu 3 (kwa wageni: stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu). Doa begani au kwenye nguo nyeusi linavumilika. Doa shavuni halivumiliki.

Chagua mti wa majani mazito yaliyopandana, si wa majani membamba. Mweke mtu karibu na ukingo wa kivuli akitazama nje, kisha angalia ardhini kwanza. Kama pale anaposimama kuna madoa, usoni yatakuwepo pia. Likibaki tundu moja tu linalosumbua, lizibe kwa kadibodi badala ya kuhama.

Kuhusu kijani: mwanga umepita kwenye majani na umegonga nyasi kabla ya kumfikia. Piga fremu moja akiwa ameshika kadi ya kijivu usawa wa kidevu, na utumie hiyo kurekebisha rangi. Kivuli cha wazi huwa karibu Kelvini 7000 hadi 8000 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikipanda, bluu inazidi), jua la mchana karibu 5500, kwa hiyo ukiacha mpangilio wa rangi wa kamera kwenye alama ya jua, picha ya kivulini itavuta bluu. Kadi haiwezi kuokoa kitu kimoja: shavu moja likiwa kijani kutokana na nyasi na jingine bluu kutokana na anga. Hapo mhamishe, au tandika shuka jeupe juu ya nyasi mbele yake, nje ya fremu.

Stopu_Tatu
Naongeza namba, kwa sababu ukiwa juani skrini ya kamera inadanganya na mtu anaishia kubahatisha.

Jua kamili, anga safi, hakuna wingu mbele yake: f/16 (namba ya tundu la lenzi; ikiwa ndogo, tundu ni pana), na spidi ya shata iwe moja kwa namba ya ISO. Kwa ISO 100 hiyo ni 1/100 ya sekunde kwa f/16. Ukifungua lenzi, spidi inapanda hivi: f/11 ni 1/200, f/8 ni 1/400, f/5.6 ni 1/800, f/4 ni 1/1600, f/2.8 ni 1/3200, f/2 ni 1/6400. Ukitaka f/1.4 unahitaji karibu 1/12800, na shata nyingi za kimakanika zinaishia 1/8000, za kamera za bei ya chini 1/4000. Ndiyo maana picha zinaungua kwa watu wanaong'ang'ania f/1.4 juani na hawajui kwa nini.

Kivuli cha wazi, yaani hakuna jua lakini anga inaonekana, hupungua kwa stopu 3 hivi. Kwa hiyo mtu wa FundiKivuli aliye ukingoni mwa baraza atakuwa karibu f/2.8 kwa 1/400, ISO 100. Sasa ukiweka nyuma yake uwanja wenye jua, ule uwanja utazidi kwa stopu 3 na utakuwa mweupe kabisa. Mandhari ya nyuma yachaguliwe kivulini pia: ukuta wenye kivuli, mlango wa giza, miti iliyojifunika. Hili linasahauliwa kuliko jambo lolote.

Na tafadhali msishuke ISO 50 mkidhani mmepata nafuu. Kwenye kamera nyingi hiyo ni ISO iliyonyooshwa kwa hesabu tu. Sehemu nyeupe zinapoteza uvumilivu wake, na mchana ndizo unazozihitaji. Kaeni kwenye ISO ya chini ya asili, 100 au 200 kulingana na kamera, pigeni RAW (faili ghafi lenye data yote ya sensa), na washeni onyo la kumetameta kwa sehemu zilizoungua.

MpigaSherehe
Naheshimu mchango wa FundiKivuli, ila kwenye sherehe huwezi kuhamisha watu barazani kila mara. Jibu langu ni difyuza, kitambaa cheupe kinachopitisha mwanga. Kama una rifleka ya tano-kwa-moja (yenye nyuso tano za kubadilisha), unayo tayari: vua kava yenye rangi, kilichobaki ndani ndicho.

Ya duara ya sentimita 110 inatosha kichwa na mabega, basi. Kwa mtu hadi kiunoni tumia ya sentimita 120 kwa 180. Tofauti na ubao mweusi, difyuza yenyewe inageuka kuwa chanzo kipya cha mwanga, na ulaini wake unategemea inavyoonekana kubwa kutoka usoni. Ikiwa sentimita 50 juu ya kichwa, ni dari pana ya mwanga. Ikiwa mita mbili juu, imerudi kuwa kitu kidogo na vivuli vinakaza tena. Isogezwe karibu mpaka ukingo wake uanze kuingia kwenye fremu, kisha irudi kidogo.

Usiilaze sambamba na ardhi. Iinamishe nyuzi 30 hivi, upande wake wa chini ukielekea uso wa mtu, na isogezwe mbele ya uso. Ikilala bapa juu ya utosi, mwanga utakuwa laini lakini bado unatoka juu, na macho yatabaki na mifuko. Ikiwa mbele, mwanga unaingia chini ya nyusi.

Inakula stopu 1 hadi 1.5. Kwa hiyo ukipima uso, nyuma kutazidi kwa kiasi hicho hicho. Hilo linavumilika na mara nyingi linapendeza, tofauti na stopu 3 za kivulini. Kagua fremu kwa vitu viwili: mstari wa kivuli cha ukingo wa difyuza ukikata kifua, na mikono iliyotoka nje ya kivuli. Mkono uliobaki juani utaungua huku uso ukiwa sawa.

Upepo ni adui. Difyuza ni tanga. Msaidizi aishike kwa mikono miwili akiwa amesimama upande unakotoka upepo, na usiifunge kwenye stendi bila mfuko wa mchanga wa kilo 7 au zaidi.

Kipimamwanga
Difyuza na flashi havishindani. Nieleze hesabu ya flashi, kwa sababu watu wananunua flashi ndogo wakitarajia ilishinde jua.

Spidi ya shata ya mwisho ambayo flashi ya kawaida inakubali ni 1/200 au 1/250 kwenye kamera nyingi. Kwa hesabu ya Stopu_Tatu, 1/200 na ISO 100 juani ni f/11. Maana yake flashi lazima itoe mwanga wa kutosha f/11. Chukua flashi yenye namba elekezi (kipimo cha nguvu ya flashi: ukiigawa kwa namba ya f unapata umbali) 40 kwa mita, ISO 100. Gawanya 40 kwa 11: unapata mita 3.6 ikiwa uchi, kwa nguvu zote. Weka kisanduku laini (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga wa flashi) kinachokula stopu 2, namba inakuwa 20, umbali unashuka hadi mita 1.8. Na namba inayochapishwa kwenye boksi mara nyingi imepimwa kichwa cha flashi kikiwa kimekazwa (zoom) hadi milimita 105 au 200, kwa hiyo kwenye matumizi halisi toa zaidi.

Sasa unataka f/4 ili nyuma kufifie. Una njia mbili.

Njia ya kwanza, shata ya kasi: flashi inapigapiga mfululizo mdogomdogo muda wote shata inapopita. Unaweza kwenda 1/1600 kwa f/4. Gharama yake ni karibu stopu 2 za nguvu. Ile mita 1.8 ya kisanduku laini inakuwa 0.9. Ukitaka flashi ijazilize tu, stopu moja chini ya jua, unarudi mita 1.3. Ukishaingia hapo, kubadilisha kati ya f/4 na f/2 hakubadilishi uwiano wa flashi na jua: vyote vinapanda na kushuka pamoja. Joto nalo linapanda haraka. Baada ya fremu 20 au 30 za nguvu zote mfululizo, flashi nyingi ndogo zinajipunguza kasi au zinajizima.

Njia ya pili, filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga unaoingia lenzini) ya stopu 3, inayoandikwa ND8. Unabaki 1/200, unafungua hadi f/4, na flashi inabaki na nguvu zake zote, mita 1.8 ile ile. Kwa hesabu tupu ND inashinda kwa stopu 2. Hasara zake: kitazamio cha kioo kinakuwa giza, fokasi inaweza kusita, na filta dhaifu inatia rangi ya kahawia au zambarau. Zile za kuzungusha, zenye kubadilisha kiwango, zikisukumwa hadi mwisho hutoa msalaba mweusi katikati ya picha, hasa kwenye lenzi pana. Kwa picha za watu nunua ya stopu 3 isiyobadilika.

Nafasi ya flashi: usiiweke juu sana. Juu tayari kuna jua. Iwe juu ya usawa wa macho kidogo tu, upande mmoja wa kamera. Kazi yake ni kuingia machoni na chini ya kidevu. Flashi ikiwa kwenye hali ya kujipima yenyewe, anza na kusahihisha kati ya stopu -1 na -1.7. Ikizidi hapo, mtu anaonekana kama amekatwa na kubandikwa juu ya picha nyingine.

Dada_Lenzi
Na shata ya kielektroniki ya 1/32000, si ingetatua yote?

Kipimamwanga
Bila flashi, ndiyo, inakupa f/1.4 juani. Angalia tu kitu kinachokwenda kasi, kinapinda, kwa kuwa sensa inasomwa mstari kwa mstari. Kwa flashi, kamera nyingi haziiruhusu kabisa ukiwa kwenye shata hiyo.

JichoNyuma
Mpaka sasa hakuna aliyegusa kumpa jua mgongo, ambako ndiko njia ya haraka kuliko zote: mgeuze, uso unaingia kivulini mwake mwenyewe, nywele zinapata ukingo wa mwanga.

Ila hapa uaminifu unahitajika. Njia hii inafanya kazi vizuri hadi jua la nyuzi 60 hivi. Likipita hapo, hata akigeuka, jua linapita juu ya paji la uso na kugusa ncha ya pua na sehemu ya juu ya mashavu. Kile kijidoa cheupe cha puani kinaharibu picha nzima. Mwambie ainamishe kichwa mbele kidogo, kama anayesoma kitabu kilichoshikwa usawa wa kifua, kisha anyanyue macho tu. Wewe shuka, lenzi iwe usawa wa kidevu chake. Kijidoa kikiwa bado kipo, rudi kwa FundiKivuli na ubao wake, kwa sababu huwezi kukihariri ukapata ngozi iliyokuwa haipo.

Pima uso kwa kipimo cha nukta (kinachopima sehemu ndogo tu ya fremu). Ukitumia kipimo cha fremu nzima, ongeza stopu 1.5 hadi 2. Nywele zikiungua ukingoni sawa, lakini bega la shati jeupe likiungua lote punguza theluthi mbili na unyanyue uso wakati wa kuhariri. RAW inavumilia kunyanyua vivuli kwa stopu 2 bila shida. Zaidi ya hapo chembechembe zinaanza kuonekana kwenye ngozi.

Kioo cha mbele cha lenzi kisiguswe na jua moja kwa moja. Kofia ya lenzi ya kukinga jua mara nyingi haitoshi. Nyoosha mkono au kadibodi juu ya lenzi mpaka kivuli chake kifunike kioo, nje kidogo ya fremu. Utaona kwenye kitazamio weusi ukirudi ghafla, kama mtu amefuta ukungu. Na alama moja ya kidole kwenye kioo, ambayo kivulini haionekani, hapa inageuka utando mweupe juu ya uso wote.

Ngozi_na_Nuru
Naomba tukae kwenye ngozi, maana ndiyo tunayopiga.

Kipimo cha kamera hudhani kila kinachokiona ni kijivu cha wastani. Ukipima nukta ya shavu jeusi, kitakuambia ulimulike mpaka liwe kijivu: ngozi inapauka na mng'ao wa paji unaungua. Punguza stopu 1 hadi 1.5 kwa ngozi nyeusi. Kwa ngozi nyeupe ongeza stopu 1. Kwa maji ya kunde acha kama kilivyosema au punguza kidogo. Mkiwa na watu wa rangi tofauti kwenye fremu moja, pima sehemu iliyong'aa zaidi ya ngozi angavu isiungue, kisha nyanyua ngozi nyeusi kwa mwanga, kwa kumsogeza karibu na rifleka au flashi, si kwa kuongeza mwanga wa picha nzima.

Mng'ao: jua ni nukta ndogo, kwa hiyo jasho na mafuta vinatoa vidoa vyeupe vikali kwenye paji, pua na mfupa wa shavu. Karatasi ya kufyonza mafuta kwanza, ukibonyeza bila kusugua, halafu poda isiyo na rangi wala chembe za kumetameta. Rudia kila dakika 5 hadi 10.

Polaraiza (filta ya kuzungusha inayopunguza mng'ao) inasaidia pia, inakula stopu 1 hadi 2. Izungushe ukiangalia paji la uso, si anga. Lakini msiizungushe mpaka mng'ao uishe wote! Kwenye ngozi nyeusi ule mng'ao ndio unaochonga uso: ndio unaotuonyesha mfupa wa shavu uko wapi na taya inaishia wapi. Ukiufuta wote unabaki na uso bapa. Acha nusu yake. Kitambaa cha difyuza kinafanya kazi bora zaidi hapa kuliko polaraiza, kwa sababu hakiondoi mng'ao, kinautanua kuwa eneo pana na laini.

Mzee_wa_Rifleka
Rifleka imetajwa pembenipembeni, nami sikubali. Inalaumiwa kwa sababu inashikwa vibaya.

Kosa la kwanza ni kuishika magotini ukimulika juu. Hapo unamulika matundu ya pua na chini ya nyusi, uso unatisha. Inyanyuliwe mpaka usawa wa macho ya anayepigwa picha au juu kidogo. Watu husema haiwezekani jua likiwa utosini, lakini pembe zinaruhusu: mwanga huondoka kwenye kioo kwa pembe ile ile ulioingilia. Jua likiwa nyuzi 70 na unataka mwanga uende mlalo hadi usoni, iegemeze nyuma nyuzi 35 kutoka wima. Ukitaka ushuke kidogo kutoka juu, isimamishe zaidi, nyuzi 25 hivi.

Rifleka yenyewe iwe juani. Wengi wanaingia nayo kivulini pamoja na mteja, halafu wanashangaa haileti kitu. Mtu awe chini ya kivuli cha FundiKivuli, msaidizi asimame nje mita 1.5 hadi 2, amrushie mwanga ndani. Hizo mbili pamoja ndizo studio kamili.

Kuilenga: anza kwa kuangusha kile kiraka cha mwanga kifuani, kipandishe mpaka kifike usoni, halafu kipeleke pembeni mpaka uso uwe kwenye ukingo wake tu. Mwanga wa upande wa rangi ya fedha katikati ya uso hauvumiliki na mtu atakunja macho. Rifleka nyeupe ni laini lakini inataka kuwa ndani ya mita 1. Dhahabu achaneni nayo mchana: kivuli kina bluu, dhahabu ina chungwa, na uso unagawanyika rangi mbili.

MpigaSherehe
Hilo la kukunja macho nalikazia. Mtu afumbe macho, atulize uso, hesabu moja, mbili, tatu, afumbue, na wewe upige fremu mbili au tatu kwenye sekunde ile ile ya kwanza. Sekunde ya pili tayari amekunja. Na msimwache juani akisubiri ubadilishe mipangilio. Pima kwa msaidizi.

Simu_Tu
Sisi wa simu?

Stopu_Tatu
Yote ya kivuli, difyuza na rifleka yanakuhusu bila kubadilisha neno. Tofauti ni kwamba tundu la lenzi ya simu kwa kawaida halibadiliki, kwa hiyo simu inajiendesha kwa spidi na ISO. Gusa uso, shikilia mpaka fokasi na mwanga vifungwe, kisha buruta alama ya jua chini mpaka paji la uso lionekane lina ngozi. Flashi ya simu haina nguvu ya kuonekana juani, izime. Futa lenzi kwanza, mafuta ya mfukoni ndiyo chanzo cha ule utando mweupe aliousema JichoNyuma. Hali ya kufifisha nyuma hukosea kwenye nywele zilizopigwa na jua ukingoni, kwa hiyo mpigie akiwa kivulini ukitaka kuitumia.

FundiKivuli
Kundi la watu 15 au 20 linahitaji neno lake, maana hakuna difyuza ya kuwafunika. Wape jua mgongo wote kwa pamoja, usiruhusu nusu wageuke. Tafuta ardhi angavu mbele yao: zege, mchanga, vigae vya rangi nyepesi. Ardhi hiyo ni rifleka ya bure yenye ukubwa wa uwanja. Uwanja wa nyasi unatoa nyuso za kijani, na lami nyeusi hairudishi kitu. f/8 ili mistari miwili ya watu iwe kwenye fokasi, pima nyuso, kubali anga kuwa nyeupe au ikate kwa kupanda ngazi na kupiga ukitazama chini. Ukipanda, nyuso zinainuka kukufuata na mwanga unaingia machoni. Angalia tu ncha za pua.

JichoNyuma
Na kuna wakati ukali wenyewe ndio picha. Mtu mwenye uso wa mifupa iliyochongoka, nguo za rangi kali, ukuta mtupu. Hapo usizibe kitu: mwambie anyanyue kidevu kuelekea jua macho yakiwa yamefumbwa au akiwa na miwani nyeusi, mpaka kivuli cha pua kifupike na kisiguse mdomo wa juu. Kikigusa mdomo, kidevu bado kiko chini. Pima sehemu yenye jua, acha vivuli viwe vyeusi kabisa, usivinyanyue. Inapendeza sana kwa nyeusi na nyeupe. Hii ni kwa uso mmoja uliochaguliwa, si kwa familia.

Dada_Lenzi
Nashukuru sana wakuu. La mwisho: kofia na miwani. Wateja wanakuja navyo na hawataki kuvua.

Mzee_wa_Rifleka
Kofia pana ni ubao wa FundiKivuli ambao mtu amekuja nao mwenyewe, ifurahie. Ukingo ufunike uso wote hadi kidevu. Mstari wa kivuli ukipita katikati ya pua, inyanyue au ishushe, usiuache hapo. Kisha rifleka nyeupe mita 1 mbele, na hapa tu ndipo inaruhusiwa kushuka chini ya kifua, kwani kutoka juu mwanga hauingii. Kofia ya kusuka yenye matundu inaleta madoa yale yale ya mti. Weka kitambaa cheusi ndani ya ukingo.

Miwani ya kawaida: nyanyua ncha za nyuma juu ya masikio kidogo ili vioo viiname chini, anga isionekane ndani yake. Ile inayobadilika rangi yenyewe inaitikia miali ya jua isiyoonekana, na ikishakuwa nyeusi inachukua dakika kadhaa kurudi. Avue mapema, ikae ndani ya nyumba au kwenye mkoba, avae wakati kamera iko tayari, na uwe umemaliza ndani ya nusu dakika.